Wa Ridhaa

Saa tisa usiku. Nyegezi imezima taa.
Nimeshusha sauti ya runinga hadi ikawa pumzi,
mume wangu asiamke akauliza tena
mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mhasibu wa kiwanda cha samaki,
anatafuta nini kwenye majani ya watu.

Natafuta bega la kushoto la yule dada.

Simjui. Jina lake mtangazaji hulitoa polepole
kama mtu anayetoa mwiba wa sato kinywani.
Ana kimo changu. Ana mapaja yangu, Mungu amsamehe.
Anavuta fimbo nyuma taratibu,
kama anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto,
na kule juu kabisa anasita,
si kusimama, kusita,
kisha mpira haupo.

Wanaume nao huwatazama, sikatai.
Yadi mia tatu na ushee! Nawaangalia
kama ninavyoangalia ndege ikipaa kutoka Ilemela:
safari njema, Mungu awatangulie.
Lakini ndege haijawahi kunifundisha kutembea.
Huyu anatembea.
Mpira wake unatua mahali ambapo wangu,
siku ya heri, upepo wa ziwa ukiwa mgongoni,
umewahi kupita ukidunda.

Wao huitwa wachezaji wa kulipwa.
Sisi ni wa ridhaa.
Neno hilo nililikuta kwanza Bugando, chini ya fomu,
mahali pa saini:
naridhia kupasuliwa.
Tofauti si kubwa.

Jumamosi, Capri Point. Mashimo tisa,
tunayazunguka mara mbili tuyaite kumi na manane.
Mzee Rugaimukamu, mstaafu wa benki, anapaza sauti toka kivulini:
"Nguvu, mama Ngollo! Tia nguvu!"
Nguvu ninazo, mzee. Nimebeba ndoo, nimebeba mapacha,
nimebeba mahesabu ya watu wawili walioacha kazi.
Nilichokosa ni kule kusita.

Shimo la sita lina mwamba upande wa kulia,
na juu yake mjusi, kichwa chekundu, kiwiliwili cha buluu,
anapiga pushapu kila ninapojiandaa.
Nikavuta fimbo nyuma.
Mlango. Mtoto. Usiku.
Mlio ule, jamani!
Kama kokwa ya ukwaju kuvunjika baina ya magego.
Hata mjusi alitulia.

Halafu nikauharibu. Mchanga mara mbili,
majani marefu mara moja, na nikajikuta
futi tatu toka shimoni.
Mimi Msukuma wa Magu, jadi na jadi,
na kusukuma ndiko kunakonishinda.

Kwandu akasema, "Okota, hiyo nimekupa."
Ndivyo tulivyo. Tunapeana futi tatu
kama majirani wanavyopeana chumvi.
Nikainama. Mkono ukafika kwenye mpira.

Nikamwona yule dada, shimo lake la mwisho, futi tatu zake.
Fedha iliyokuwa imelala ndani ya futi zile
ingenunua kiwanda chetu pamoja na wakaguzi wake.
Mpira ulichungulia shimo, ukapita.
Hakuitazama fimbo kama shahidi aliyemgeuka.
Alisukuma tena, akaingiza,
akamgeukia mwenzake mwenye kadi,
akamwonyesha vidole vitano.
Basi.

"Acha," nikamwambia Kwandu, "nitausukuma."
Nikausukuma.
Ukachungulia. Ukapita.
Kwandu akageukia ziwani, kwa adabu,
kama mtu anayepisha mwenzake avae.
Nikasukuma tena, nikaingiza,
nikamwonyesha vidole vinane,
viganja vyote viwili, mchanga ukiwa kwenye kucha.

Jioni, mume wangu anamenya viazi.
"Umepata ngapi leo?"
"Mia moja na kumi na tatu."
"Hizo ni nyingi, au ni chache?"
Nikafikiri. Nikavua kiatu, nikakung'uta.
"Ni zote," nikasema.