Makabidhiano ya Saa Moja

Stumai, keti kwanza. Chai ipo, sukari hakuna.
Pangaboi la dirishani limegoma tena,
na joto la Machi limelala nasi wodini.

Kitanda cha tisa: Bwana Kondo,
fundi saa wa Mtaa wa Kongo,
aliyeteleza ngazini akavunjika nyonga.
Alitoka upasuaji na mpira wa mkojo.
Faili linasema lini uliingia;
lini utatoka, hakuna aliyeandika.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu yuko siku ya sita,
halimi, haagi,
na nyuma yake wanapanda wasioonekana,
kimyakimya, wakiushika mpira kama kamba,
hadi kibofuni.

Jana jioni mwanawe alikuja na mashangazi.
Akaona haya kwa niaba ya babaye:
akauinua mfuko uliokuwa ukining'inia,
akaulaza tumboni mwa mzee,
akaufunika khanga.
Ni heshima, Stumai. Nami ningefanya hivyo.
Lakini mkojo haujui heshima,
unajua mteremko tu.
Ukarudi ulikotoka.

Saa nane usiku meno yakaanza kugongana
kama saa za duka zima zilizotiwa ufunguo pamoja.
"Nesi, tangu lini Dar ikawa Makete?"
Thelathini na tisa nukta nne.
Mkojo una ukungu.

Nikampigia Daktari Mlelwa.
Sikuanza na dawa. Nikauliza:
huu mpira bado una kazi gani?
Akanyamaza. Nikasikia feni ya nyumbani kwake.
"Hauna," akasema.
Neno moja, limechelewa siku nne.

Nikanawa. Nikautoa.
Sampuli iko maabara, sindano ya kwanza amechomwa.

Saa kumi na moja akaomba chupa.
Nikavuta pazia, nikajifanya nasoma faili.
Kimya.
Kimya kirefu.
Kisha tone. Tone. Akaguna, inamchoma,
kisha mfululizo mwembamba ukagonga plastiki,
na mzee nyuma ya pazia akacheka:
"Imetembea!"

Sasa kitanda cha kumi na mbili, yule binti wa Mburahati.
Leo siku ya pili.
Mfuko uko chini ya kiuno, haugusi sakafu;
ndugu zake nimewaeleza, mmoja kanuna.
Daktari akipita, usingoje homa ndiyo iulize.
Uliza wewe.

Kalamu hii hapa.
Inaandika, ila mpaka uitikise.