Na Majukumu Mengine

Zabuni niliiandika mwenyewe, kurasa sitini na moja,
ghorofa ya pili, dirisha likitazama Ziwa Erie
ambalo Februari halina maji, lina sakafu.
Huduma za uratibu wa miradi, niliandika,
mwaka mmoja wa msingi na minne ya hiari,
hiari ikiwa yetu, si ya mtu mwingine.

Kifungu cha tatu: mratibu ataandaa ratiba.
Sikuandika kwamba handaki letu la upepo
hula umeme kama mji mdogo,
kwa hiyo majaribio huanza saa nne usiku
watu wakishazima majiko na runinga zao;
wala kwamba ni Darlene Zgonc anayeipigia simu kampuni ya umeme,
akamuuliza mtu wa zamu hali ya goti lake,
kisha ndipo amwombe megawati.

Kifungu cha nne: ataitisha mikutano.
Sikuandika kwamba Dakta Venkataraghavan na Bwana Huddleston
hawakusemezana miezi sita tangu bawa lile lipasuke,
na kwamba leo kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyetangulia kuomba radhi,
kwa sababu Darlene alibeba radhi mbili
ambazo hakuna aliyezitoa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mimi naandika urefu, upana, idadi ya mbao.

Miaka kumi na tisa, kampuni nne.
Kiti kile kile, mmea ule ule kwenye kopo la kahawa,
nembo tu ya kitambulisho ndiyo inayobadilika.
Changu kina mstari wa bluu. Chake, kijani.
Mwaka ule serikali ilipofungwa kwa kukosa bajeti
rangi hiyo ndiyo iliyoamua
nani atalipwa baadaye siku alizokaa nyumbani
na nani auze pikipiki ya theluji ya marehemu mumewe.
Tulipomuaga mkurugenzi, saa ya keki haikuwa na fungu katika mkataba:
alitukatia vipande, akafuta kisu,
akarudi mezani kwake.

Zikaja zabuni tano.
Wa chini kwa bei walikuwa watu wa Virginia
ambao hawajawahi kuona barafu ikitengenezwa mwezi wa Julai
na kurushiwa bawa, lijulikane litavumilia kiasi gani.
Pendekezo lao lilikuwa safi, lenye majedwali ya rangi.
Tutambakiza mfanyakazi aliyepo, lilisema.
Kwa mshahara gani, sikuuliza. Kanuni hainiruhusu.
Nimeisoma kanuni hiyo mara tatu. Hainiruhusu;
ingawa, kusema kweli, hainikatazi kwa sauti kubwa.

Nikatia saini Jumanne.

Alhamisi akapanda ngazi kuja kwangu.
Nilijua ni ile dola nne kwa saa waliyomkata,
nikaandaa uso.
Alishika mkataba, ukurasa wa arobaini na moja umekunjwa pembe.
“Umerudia,” akasema, kidole juu ya mstari.
“Na majukumu mengine yatakavyoagizwa. Hapa, na hapa tena.”
Nikasema nitafuta kimoja.
“Viache vyote,” akasema. “Kimoja hakikutosha.”

Hakucheka. Nami sikujua kama nilikuwa na ruhusa ya kucheka.

Usiku ule nilichelewa kuondoka, sikuwa na kazi yoyote.
Theluji ilikuwa ikianguka kwenye maegesho,
magari mawili tu, langu na lake,
lake likiwa limeshafutwa kioo cha mbele,
na langu pia.
Saa nne kasorobo nikapita mlango wake ulio wazi nusu.
“Emmett,” alikuwa akisema kwenye simu, “goti vipi?”
Akasikiliza muda mrefu.
Akasikiliza tena.
Kisha sakafu ikaanza kutetemeka chini ya viatu vyangu.