Mizani ya Nélida

Miaka minane hakikuzimwa
kisanduku hiki cha kijivu chini ya meza,
kifuniko kimefungwa kwa waya wa uzio,
feni inakoroma kama ng'ombe aliyeshiba.
Mji wa Young, Uruguay, lango la maghala:
lori linapanda bamba la chuma,
namba zinatetemeka, zinatulia,
Nélida Etcheverry anabonyeza, risiti inatoka.
Ngano. Soya. Ngano tena.
Washairi hukosea mizani. Hiki bado.

Wilmar ndiye aliyeupandikiza mfumo,
Jumapili moja, kwa diski ya kunakili:
"Shangazi, huu hauna mwenyewe,
kwa hiyo hakuna wa kutufungia mlango."
Hakuelewa. Aliona tu haudai leseni.
Hakujua kwamba mtu fulani, nchi fulani,
alikesha akiwinda kosa kwenye mstari mmoja,
akalipata, akalitoa,
akaenda kulala bila kungoja ahsante.

Muuzaji alikuja kutoka Montevideo, viatu vyeupe.
"Mama, hiki kilishakufa,
ila hakuna aliyekiambia."
Nélida akampimia gari lake, bure:
kilo elfu moja mia sita arobaini,
yeye na katalogi zake ndani.

Kisha dhoruba ya Santa Rosa.
Siku mbili hakuna umeme;
betri ya trekta iliyokishikilia nayo ikaishiwa.
Feni ikanyamaza,
na kimya kile hakuna bamba la kukipima.

Umeme uliporudi malori saba yalikuwa foleni.
Akabonyeza swichi kwa kidole gumba,
mkono wa pili ukichora msalaba.
Mistari myeupe ikapanda, polepole mno.
Mfumo ukajikagua chumba kwa chumba,
kama mwenye nyumba aliyerudi safari,
ukasema: tayari.

Ila kibetri cha saa kilikuwa kimekufa,
na pembeni tarehe ikasomeka
mosi Januari, elfu mbili na tatu.

Mwaka ule Wilmar alikuwa chini ya meza hii,
miguu tu ikionekana,
akiomba bisibisi.

Honi ikalia.
Amri ya kurekebisha saa anaijua,
imebandikwa ukutani kwa mwandiko wa Wilmar,
wino umegeuka rangi ya chai.
Hakuiandika.
Lori la kwanza akalipima ndani ya mwaka ule:
kilo ishirini na nane elfu, mia tatu na kumi.
Sawasawa.
Dereva akaitazama risiti, akamtazama yeye,
akaikunja, akaitia mfukoni.

Ndipo akaandika tarehe ya leo.