Mzigo Umelala

Maboksi sita yalishuka mwezi wa tatu,
nailoni ndani ya nailoni,
na bosi Tweve akayapasua mwenyewe kwa wembe.
"Haya," akasema, "hayafiki Idi."
Miwani ya sinema. Unaivaa kama kofia ya bodaboda
iliyoteleza ikaziba macho,
na dunia nyingine inakuja mpaka puani.

Bei tuliianzia laki tisa na nusu.
Ikawa nane. Idi ikapita.
Ikawa saba na maongezi.
Sasa ni "njoo tuelewane",
neno ambalo huku Mtaa wa Aggrey maana yake
mzigo umelala, mwenye mzigo halali.

Kujaribu ni bure. Hapo ndipo tulipokosea.
Anakuja Kabwere wa mkokoteni,
ameacha mabelo ya mitumba katikati ya njia.
Anakuja dada wa chipsi, mikono ina mafuta.
Anakuja bwana afya aliyetumwa kukagua choo.
Foleni inavuka mpaka duka la jirani,
na jirani anaiuzia foleni yetu makava ya simu.

Video ni ileile: lifti, theluji, halafu papa.
Papa hutokea sekunde ya arobaini,
na sekunde ya arobaini kila mtu huinama.
Wakili aliinama na tai yake.
Kabwere alirusha ngumi, ikaipata feni.
Siku umeme ulipokatika
mwanafunzi mmoja wa chuo alibaki kimya gizani,
anatabasamu, anangoja,
akidhani giza nalo limo kwenye filamu.

Kazi yangu ni kushika waya usikanyagwe
na kutazama midomo.
Macho yakizibwa, mdomo husahau kwamba unaonekana.
Nimeona mapengo ambayo wenyewe
huyafunika kwa kiganja hata kwenye picha za harusi.
Mama mmoja wa Tandika, mnunuzi wa jumla,
mtu wa kukukata bei mpaka ukaona aibu kwa niaba yake,
alipofika kwenye theluji akasema "jamani",
taratibu, akakinga mkono.
Alipovua, sauti yake ya kila siku ikarudi:
"Laki saba? Si napata friji?"
Sikuwa na jibu.
Theluji ya friji inauzika, mia mbili mbili, kwenye vifuko.

Kisha akaja fundi Mbaruku, mchomelea mageti wa Gerezani,
jicho la kushoto lilichukuliwa na cheche.
Alikaa wima. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.
Papa akaja, papa akapita.
"Kumbe picha," akasema. "Picha nzuri. Lakini picha."
Akagonga kioo kwa ukucha,
akauliza kama kinazuia moto wa kuchomelea.
Bosi akaninong'oneza: huyo usimhesabu, ana chongo.
Usiku, nikifunga daftari, nilimhesabu yeye tu.

Moja tuliuza, siwezi kukataa.
Mtu wa Masaki, hakuomba hata punguzo.
Siku ya tatu akatuma dereva na boksi:
shingo inamuuma, na mkewe anasema
anaongea naye kama anaongea na ndoo.
Tukarudisha fedha. Tukarudi kwenye sita.

Jioni nachukua pamba na spiriti
nafuta sponji inayokaa usoni.
Inatoka poda, inatoka wanja, mafuta ya nazi,
vumbi la saruji, jasho la watu wasiofahamiana,
yote kwenye pamba moja, rangi ya chai.
Bosi anaigonga mashine ya risiti,
anasema wiki nzima haijalia.

Mimi natazama mlangoni.
Wanaondoka na ile alama,
duara iliyobonyea kuzunguka macho,
hudumu dakika kumi hivi, mpaka Msimbazi.
Wenyewe hawajui kama wanayo.
Anaizungusha bega kwa bega na wapita njia,
mmoja, na mwingine, na yule wa chipsi,
na mimi najisemea, bosi,
risiti zako zile zinapita.