Salio

Begi nimelimwaga mkekani, hapa Mkuti,
likatoa soksi mbili zisizo ndugu,
kipande cha sabuni ya Lusaka kilichoota nywele,
na daftari la chama cha msingi, lenye mistari myekundu,
nililoliazima ghalani bila kusaini.

Mama anaokota vitu kwa ncha za vidole.
"Nchi tatu, Bernadeta. Na umerudi na hivi?"

Mimi ni karani. Msimu mzima naandika kilo za watu,
daraja la kwanza, daraja la pili,
stakabadhi za korosho nisizozitafuna.
Malipo ya pili yalipoingia, ya mikorosho yetu mitano,
wenzangu walinunua bati.
Mimi nikanunua nauli.

Karatasi ya kumi na mbili:
Masasi hadi Mangaka, elfu nne.
Mangaka hadi Mtambaswala, bodaboda, elfu tisa
baada ya ugomvi. Alitaka kumi na tano.
Daraja la Umoja: bure, kwa miguu,
Ruvuma chini imekonda, mawe nje kama mbavu.

Karatasi ya kumi na tatu ililowa Lichinga.
Kinachosomeka ni mkate, mkate, maji, mkate,
kisha: *Felizimina, kitanda*
na safu ya bei, wazi.
Aliniuliza kwa Kiyao, kile kile cha bibi yangu,
wewe mtoto wa nani. Nikataja ukoo.
Akanitandikia chumba cha mwanawe aliye machimboni
na metikali zangu akazisukuma kwa kiwiko,
mikono ikiwa na unga.

Mpakani Mandimba afisa aliuliza,
"Unakwenda kuuza nini?"
Siuzi.
"Kumtembelea nani?"
Natembea tu.
"Natembea tu," akairudia polepole,
kama anayeonja mboga iliyochacha,
akalipekua begi mara ya pili, hadi kwenye pindo.
Nyuma yangu kijana Mdachi, begi lake limempita kichwa,
aligongewa muhuri kabla hajamaliza kutabasamu.
Baadaye, juu ya lori la viazi, tuligawana yai moja.
Naye alikuwa na daftari. Naye aliandika yai.

Mangochi nikabadilisha fedha: kwacha.
Chipata nikabadilisha tena: kwacha,
jina moja, sura mbili, hazisalimiani.
Maana yake kumekucha, kondakta alinieleza.
Basi nimelala stendi ngapi
na alfajiri zimejaa mfukoni
zisizotosha chai ya rangi.

Kapiri Mposhi treni ilichelewa usiku mzima na mchana wake.
Hapo sikuandika kitu.
Nililala juu ya begi, begi likalala juu ya miguu ya mtu,
na huyo mtu hakulalamika.
Makambako. Songea. Tunduru, vumbi hadi kwenye meno.
Nilipoyaona mawe ya Mtandi
nilikuwa na mia sita na njaa ya watu wawili.

Mama sasa amekaa. Amevaa miwani.
Anapitisha kidole kwenye safu, mstari kwa mstari,
kama anavyokagua vipimo vya wenye kangomba,
kinafika kwenye nafasi iliyo wazi, kinasimama.
"Huyu Felizimina unamdai?"
Ananidai.
"Godoro lake la sufi au la sponji?"
La sufi, mama.
Anatikisa kichwa kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe.
Kisha anaingia ndani. Nasikia kopo
likichota kwenye kiroba, mara moja, mara mbili,
mara ya tatu linapigwapigwa ili lishibe.

Kesho nalirudisha daftari ghalani.
Karatasi saba nimezichana,
nambari zinaruka kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa.
Mkaguzi huja mwezi wa sita, mtu wa Newala, hana mzaha.
Atauliza, karani, hizi saba zimekwenda wapi?
Swali zuri.
Afadhali kuliko la yule wa Mandimba.