Nondo wa Milimita Nane

Kondo anapinda nondo Kigamboni, ghorofa ya tano,
hurudi Jumamosi na kutu viganjani.
Nilimpigia Jumanne usiku:
Nyumbani tuna nondo.
Akauliza, za milimita ngapi?
Nikamtazama yule aliyetua juu ya kalenda,
kajikunja kama mwavuli mdogo,
nusu kijivu, nusu shaba.
Wa, nikamsahihisha. Nane. Labda tisa.
Akacheka mpaka salio langu likakata.

Nilimchapa kwa kandambili.
Akaacha vumbi la kung'aa juu ya tarehe kumi na nne.
Kesho yake wakawa watatu kwenye taa,
na ndipo nilipojua nachapa wasiohusika:
anayeruka hali kitu.
Anayekula haruki,
yuko chini, kimya, anasuka.

Basi nikashusha kabati lote, Tabata Kimanga, saa nne asubuhi,
mlango wazi, majirani wakihesabu kwa macho.
Mchele wa Kyela, punje zimeshikana
kama watoto wanaovuka barabara.
Dona yenye utando.
Choroko, ulezi, na karanga nilizozisahau
tangu mfungo wa mwaka juzi.
Haba na haba hujaza kibaba,
lakini waliosema hawakutuambia
kikishajaa anaingia nani.

Nyumba ina watu wawili.
Nani alinunua haya yote?

Ni yule mtoto wa Yombo
aliyetumwa dukani na kibaba kitupu akakope,
akarudi nacho kitupu,
akakifudikiza mlangoni, akakikalia,
wapitao wasione hakina kitu.
Bado ananunua.
Bei ikinong'ona tu, anabeba gunia.

Nilichekecha. Nikapeta. Nikaanika uani juu ya turubai
mpaka jua la Dar, lisilo na huruma na mtu,
likapata kazi ya maana.
Kuku wa Mama Tunu walikuja bila mwaliko;
kilichosukwa sana nikawamwagia.
Nikafuta rafu kwa siki,
nikachokoa matundu ya misumari kwa njiti ya kiberiti,
maana wao hulala pale usipoweza kutia kidole.

Sasa unga mpya hauingii kabatini moja kwa moja.
Kwanza unalala siku nne kwenye friza ya Mama Tunu,
katikati ya barafu za ubuyu za kuuza,
na umeme ukikatika tunahesabu upya, tukigombana.
Halafu chupa: za kahawa, za mayonesi,
kila yenye mfuniko wa kuzungusha.
Mfuko wa nailoni wanautoboa, nimeona kwa macho yangu.
Tarehe naiandika kwenye plasta. Cha zamani mbele.
Jani kavu la mwarobaini juu ya maharage;
Kondo anasema sasa tutakula dawa kutwa mara tatu.

Jumatatu nilikwenda Tandale.
Bi Siwema alishamwita mbeba mizigo,
mfuko wa kilo ishirini na tano, kama kawaida yangu.
Kilo mbili, nikasema.
Akanitazama. Mizani ikayumba, ikatulia.
Kulikoni, wageni wameondoka?

Nikamtafuta yule mtoto.
Alikuwa bado amekalia kibaba chake,
magoti yamebana, macho kwenye magunia.
Wanaondoka, nikasema. Mmoja bado anafunga mizigo.

Akanipimia, akaongeza konzi moja ya nyongeza.
Mfuko ulikuwa mwepesi mno.
Njia nzima nikaubadilisha mikono, kulia, kushoto,
kana kwamba mzito.