Usiku wa Filamu, Ghorofa ya Tatu

Mvua ya Valdivia haibishi hodi.
Eduvina, mkutubi, ametundika shuka jeupe
mbele ya rafu za sheria,
amekaanga bisi mwenyewe, sufuria mbili,
ingawa tangazo ukutani lasema: Chakula marufuku.

Wamekuja kumi na saba.
Mwaka jana, kwenye mafunzo ya katalogi,
alikuja mmoja, akiulizia choo.

Filamu ni ya upelelezi. Katikati anaizima.
Miguno. "Jina la muuaji," asema, "limo humu ndani,
ukurasa wa mia na nne. Kitabu sikitaji."
Wakatawanyika na tochi za simu
kama siafu waliomwagiwa maji.

Nicanor wa uhandisi hajawahi kupanda ngazi hizi.
Akavuta kitabu kisichohusika: uyoga wa misitu ya kusini,
muhuri wa mwisho, miaka thelathini iliyopita.
Akakaa sakafuni.

Muuaji akapatikana. Makofi. Taa.
Wakaondoka na miavuli yao.

Eduvina anafagia bisi, anafika
penye miguu iliyonyooshwa,
anaizunguka kwa ufagio, polepole,
asije akamwamsha
aliye macho.